Mwandikie na Jirani Yako

Mazungumzo ya redio juu ya kuwasiliana na kwetu wakati mtu yuko mbali. Yamechapwa kwa ajili ya familia zilizohama na wakubwa wa vijiji, hapa Muheto na katika nchi zote za Masisi na Walikale.

  Ninasema nanyi wote wa nyumbani, na pia na wale wa kwetu walio mbali: walio Kiziba na Nyabiheke kule Rwanda, walio Nakivale, Kyaka na Rwamwanja kule Uganda, walio Nairobi, na wale ambao ndege iliwachukua mpaka Marekani na Kanada. Ninyi pia ni watu wa milima hii.

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi wanaliona kuwa dogo. Ni habari zinazokwenda na kurudi kati ya mtu aliyehama na mahali alipotoka. Mtu anafikiri: vita ni jambo kubwa, njaa ni jambo kubwa, lakini barua au simu ni ya kusalimiana tu. Sivyo. Katika nchi yetu, barua moja imewahi kuokoa shamba, na maneno mabaya ya simu yamewahi kuchoma nyumba. Kwa hiyo tusikilizane vizuri.

1. Tumehama mara ngapi?

Kwanza tukumbuke njia tuliyopita, maana hakuna kabila hapa ambalo halijui maana ya kuwa mbali na kwao.

Kati ya mwaka 1937 na 1955, serikali ya Wabelgiji ilileta maelfu ya familia kutoka Rwanda kuja kukaa Masisi. Wengine walifika baadaye, mwaka 1959 na miaka iliyofuata, wakikimbia. Wazee hao walipofika hapa walikuwa na mama na baba waliobaki ng'ambo. Walituma salamu kwa mdomo, kwa wachuuzi, kwa makatekista, kwa wachungaji wa ng'ombe. Na wenyeji wa hapa waliona watu wapya wakiingia katika milima yao, na mara nyingi hakuna aliyekaa nao kuwaeleza mambo yatakuwaje.

Halafu tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, katika teritware ya Walikale. Yalipanda mpaka Masisi. Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi, Watembo, kila mtu alikimbia upande wake. Mwaka 1994 vita na mauaji ya Rwanda vikaleta wakimbizi kama milioni moja katika Goma na kando yake. Mwaka 1995 na 1996 Watutsi wengi wa Masisi wakavuka kwenda Rwanda. Kampi ya Mudende walikokaa ilishambuliwa mara mbili mwaka 1997, na waliobaki wakapelekwa Gihembe. Kampi hiyo ya Gihembe nayo ilifungwa mwaka 2021. Hebu fikirini barua iliyoandikwa kutoka Masisi kwenda Mudende. Ilipofika, mwenyewe hakuwa huko tena.

Tangu siku zile hatujapumzika. Mwaka 2007 na 2008, mwaka 2012, kisha tangu 2022, watu wa Masisi wamebeba magodoro kichwani. Wengine walikaa katika kampi za Bulengo, Lac Vert na Rusayo karibu na Goma. Mwezi wa kwanza na wa pili wa mwaka 2025 kampi hizo zilivunjwa na watu wakashika njia ya kurudi. Wengi walikuta nyumba bila mabati, na katika shamba walikuta mtu mwingine analima.

Na tusisahau wale wanaohama bila vita. Vijana wetu wanakwenda kuchimba Walikale. Tangu watu walipoanza kuchimba mawe ya kasiteriti kule Bisie, karibu mwaka 2002, vijana wengi wa Masisi wamepita porini kwa miguu kwenda huko. Mama anabaki na watoto, mwaka unapita, hajui kama mume yuko hai. Huyo naye ni mtu aliye mbali.

2. Kamba inakatikaje?

Mpenzi msikilizaji, mtu anapohama, kamba inayomfunga na kwao haikatiki siku moja. Inakatika kidogo kidogo.

Siku za kwanza anauliza habari za wote: mama, ng'ombe, jirani, shule, kanisa. Baada ya mwaka anauliza habari za ndugu zake tu. Baada ya miaka mitano hata wale ndugu wamekwisha kuhama, kila mmoja yuko mahali pake. Sasa anapata habari za Muheto kutoka kwa mtu aliye Kampala, ambaye alizipata kwa mtu aliye Goma, ambaye alizisikia sokoni. Wote watatu ni wa kabila moja, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeuona ule mlima mwaka huo.

Hapo ndipo ugonjwa unapoanza. Yeye anaamini kwamba anawasiliana na nyumbani, kumbe anawasiliana na watu wenye uchungu kama wake. Kila mmoja anamwongezea mwenzake hofu. Na waliobaki kijijini wanafanya vivyo hivyo. Wanakaa peke yao na kuambiana: "Wale walioondoka watarudi na bunduki. Wale walioondoka si watu wa hapa tena." Nani aliwauliza walioondoka? Hakuna.

Basi neno langu la leo ni hili moja, na ninaomba mlichukue nyumbani: ukiwa mbali, usimwandikie ndugu yako peke yake. Mwandikie na jirani yako. Mwandikie yule ambaye shamba lake linapakana na lako, hata kama lugha yake ni nyingine. Na wewe uliyebaki, usingoje. Mtafute jirani yako aliyeondoka, umpe habari za kweli za kwake.

Kwa nini jirani? Kwa sababu siku ya kurudi, ndugu yako hatakuwa pale mpakani. Jirani atakuwepo. Yeye ndiye atakayesema: "Huyu ninamjua, baba yake alilima hapa." Au ndiye atakayesema: "Huyu simjui."

3. Jambo la shamba

Tuseme wazi, maana wakubwa wanatusikiliza. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ya Kongo ni ya serikali. Wenye mashamba makubwa ya ng'ombe wana karatasi zao. Lakini mama anayelima maharagi, viazi na mahindi hapa kwetu ana karatasi gani? Karatasi yake ni ushuhuda wa watu. Ni mzee anayejua kwamba mti ule ulipandwa na babu wa fulani. Ni jirani wa juu na jirani wa chini, jirani wa mashariki na jirani wa magharibi.

Sasa chukueni mfano. Mama mmoja alikimbia na watoto wake wanne. Shamba lake likabaki na nyasi. Mtu mwingine aliyekimbia kutoka mlima mwingine akafika hapa na njaa. Akaona shamba tupu, akalima. Je, huyu ni mwizi? Siku ile hakuwa mwizi, alikuwa mtu mwenye njaa. Lakini kama miaka kumi itapita bila neno lolote kati ya hao wawili, atafikiri shamba ni lake. Atapanda migomba, atazika mtoto wake pale. Na yule mama akirudi, wote wawili watakuwa na haki midomoni na panga mikononi.

Sasa tuseme yule mama alituma neno kwa jirani: "Ninasikia shamba langu linalimwa na mtu mwenye shida. Alime, lakini ajue ni langu. Asipande miti, asijenge, asiuze. Kila mavuno atoe kikapu kimoja cha maharagi kwa mama mjane wa jirani, mbele ya shefu, ili watu wote wajue." Ni maneno machache sana. Lakini kikapu kile kimoja kinasema kila msimu: shamba hili lina mwenyewe, na anayelima analima kwa ruhusa. Mwenye njaa anakula, mwenye shamba hapotezi, mjane anapata, na shefu ana ushuhuda.

Ndiyo maana ninasema kuwasiliana ni kazi ya amani. Vita vingi vya hapa vinapitia shambani.

4. Njia tulizo nazo

Mtasema: tutawasilianaje, njia imefungwa? Tuangalie njia ambazo watu wetu walizitumia, na zile tulizo nazo leo.

Njia ya kwanza ni mtu. Barua ya mkono, karatasi iliyokunjwa mara nne, imepita kwa wachuuzi, kwa wenye chukudu, kwa madreva, kwa mapadri na wachungaji. Katika miaka ya 1990, wengine walijaza sauti zao katika kaseti na kuituma Ulaya, mzee asiyejua kuandika akasikika akikohoa na kucheka. Katika Walikale barua ziliingia katika ndege ndogo zilizokuja kuchukua mawe kwenye barabara ya Kilambo.

Njia ya pili ni Msalaba Mwekundu. Wengi hamjui kazi hii, basi sikilizeni. Msalaba Mwekundu una karatasi yake ya kutuma habari za familia. Haina malipo. Unaandika jina lako na jina la mtu unayemtafuta, jina la baba yake na mama yake, mahali mlipoonana mara ya mwisho. Karatasi inakwenda wazi, bila bahasha, na watu wa Msalaba Mwekundu wanaisoma kabla ya kuituma. Kwa nini wanaisoma? Kwa sababu ni ya habari za familia tu. Nani amezaliwa, nani amekufa, nani mgonjwa, nani ameoa. Ukiandika juu ya askari au siasa, haitakwenda. Watu wengine wanakasirika kwa sababu hiyo. Mimi ninasema sheria hiyo ni ya hekima, na tungeweza kuifuata hata katika simu zetu. Karatasi isiyobeba vita inaweza kupita mstari wa vita.

Njia ya tatu ni foni na redio. Foni za parokia na za wachuuzi wa mawe zilibeba habari nyingi porini kabla ya simu kufika. Na redio imefanya kazi kubwa. Mwaka 1994 BBC ilianza matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, maana yake ni kinachounganisha familia. Walisoma majina ya watu waliopotezana, mtoto akasikia jina la mama yake. Mwaka huohuo Redio Agatashya ilianza kusema kutoka Bukavu, mpaka vita vilipoifunga mwaka 1996. Tangu tarehe 25 Februari 2002 tumekuwa na Redio Okapi.

Lakini redio ni kama kisu. Kabla ya hizo, kule Rwanda kulikuwa na redio RTLM iliyoanza mwaka 1993. Iliwaita watu wadudu na kutaja majina yao ili wauawe. Mwaka 2003 mahakama ya Arusha iliwahukumu watu waliohusika na kazi ile. Redio moja ilisoma jina la mtu ili mama yake ampate, nyingine ilisoma jina la mtu ili muuaji ampate. Chombo kilikuwa kimoja. Kilichotofautiana ni moyo wa anayesema.

Njia ya nne ni simu. Miaka ya 1990 simu ya Telecel ilikuwa ya matajiri wa Goma. Leo kijana wa Muheto anapanda mlimani kutafuta reseo, anaweka mayunite, anaongea na dada yake aliye Marekani. Pesa nazo zinapita katika simu. M-Pesa imefika Kongo tangu 2012, na mwaka 2025 benki za Goma zilipofungwa, watu wengi walisaidiwa na pesa ya simu.

Hapa nina neno kwa ninyi mnaotuma pesa kutoka mbali. Asante sana, watoto wanasoma kwa sababu yenu. Lakini ukituma pesa peke yake bila neno, umetuma chakula bila chumvi. Na ukituma pesa pamoja na matusi juu ya kabila lingine, umelipa karo ya mtoto na papo hapo umempeleka porini. Wewe unalala mahali penye umeme na polisi. Risasi itakayoamshwa na maneno yako haitakufikia. Itamfikia mama yako aliye hapa.

5. Tuandike nini?

Sasa tuseme juu ya barua yenyewe. Aliye mbali aandike nini kwa jirani?

Kwanza, amsalimu kwa heshima, amtaje kwa jina la nyumba yake: baba fulani, mama fulani. Aulize watoto wake, hata wale ambao hakuwajua.

Pili, aseme yeye na watu wake wako hai au wamekufa. Jirani ana haki ya kujua kifo. Mlizikana zamani, mlikaa matanga pamoja. Asiyejua kwamba mzee wako amekufa hawezi kulia nawe, na asiyelia nawe anakuwa mgeni.

Tatu, ataje shamba na mipaka yake kwa maneno ya amani: mto, mti, jiwe, njia. Akumbushe nani alikuwa shahidi.

Nne, aulize bila kushitaki. "Nani analima kwangu sasa, naye ana shida gani?" Neno hili si sawa na kusema "Nani ameniibia?" Swali la kwanza litapata jibu. La pili litapata kimya, au zaidi ya kimya.

Na aliyebaki ajibu nini? Ajibu ukweli. Kama nyumba imeanguka, aseme imeanguka. Asimfariji mwenzake kwa uongo, maana aliyedanganywa akirudi atafikiri wewe ndiye uliyeibomoa. Amwambie pia mambo mema: daraja limetengenezwa, maharagi yameiva, mtoto wa fulani amepata diploma. Aliye mbali akisikia mabaya peke yake, atafikiri kwao hakuna watu tena.

Na tusiandike nini? Tusiandike askari wako wapi, ni wangapi, wanapita njia gani. Tusitaje mahali mtu anapojificha. Tusitume picha za maiti. Tusiseme "wao" na "sisi" kama vile kabila zima lina mkono mmoja.

Mkipata habari ya kutisha kwenye simu, msiitume mbele kabla ya kuuliza maswali matatu. Nani aliona kwa macho yake? Siku gani, mahali gani? Na jirani wa kabila lingine anayekaa pale anasemaje? Kama huna mtu wa kumuuliza swali la tatu, basi unajua sasa kwa nini ninakusukuma umtafute jirani.

6. "Lakini jirani ndiye aliyenifukuza"

Ninajua wako wanaonisikiliza na moyo unauma. Wanasema: "Huyu anaongea vizuri, lakini jirani yangu aliwaonyesha wauaji mlango wangu. Nimwandikie yeye?"

Hapana, ndugu yangu. Sikuambii umwandikie aliyekutendea ubaya kama vile hakuna kitu. Mambo hayo yana njia yake: haki, wazee, mahakama, kanisa, na wakati. Hakuna mtu wa redio anayeweza kukulazimisha kusamehe. Lakini mlima mzima haukukufukuza. Fikiri vizuri. Kulikuwa na mama mkunga aliyewazalisha wake zenu wote bila kuuliza kabila. Kulikuwa na mwalimu. Kulikuwa na yule aliyekuficha usiku mmoja, au aliyekupa maji njiani. Kulikuwa na katekista, na mchungaji wa ng'ombe aliyejua mipaka yote. Anza na huyo mmoja. Wazee wetu wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Ukimpata mmoja upande ule, mna vidole viwili.

Na kama mahali ulipo ni pa hatari, usiandike mahali unapokaa. Pitia Msalaba Mwekundu, au parokia. Usalama wa watoto unakuja kwanza.

Wewe uliyebaki pia una hofu. Unasema: "Nikiongea na walioondoka, watu wataniita msaliti." Ni kweli, wako walioteswa kwa sababu ya namba moja katika simu. Ndiyo maana kazi hii isiwe ya mtu mmoja kwa siri. Ifanyike mbele ya shefu, mbele ya kanisa, na barua isomwe wazi. Barua inayoweza kusomwa barazani haimtii mtu hatarini kama ile inayofichwa chini ya godoro.

7. Kwa wakubwa

Wapenzi mashefu, mwami, wazee, wakubwa wa makanisa, sasa ninasema nanyi kwa heshima.

Baada ya mapatano ya amani ya Goma ya tarehe 23 Machi 2009, kamati za kupatanisha watu zilianzishwa katika vijiji vyetu. Nyingine zilifanya kazi nzuri, nyingine zilikufa posho zilipokwisha. Kazi ninayoomba leo haihitaji posho. Inahitaji daftari moja na kalamu.

Kila lokalite iwe na daftari la walioondoka. Liandike jina la mwenye nyumba, mwezi na mwaka alioondoka, shamba lake na mipaka yake minne, majirani zake, nani analima sasa na kwa mapatano gani. Lisomwe mbele ya watu mara mbili kwa mwaka, kabla ya kupanda, mwezi wa tisa na mwezi wa pili. Asiye na la kusema anyamaze, mwenye la kusema aseme siku hiyo. Wawepo wazee wa makabila yote ya mlima, na wanawake wawepo, maana wao ndio wanaolima na ndio wanaojua mpaka uko wapi. Nakala ya pili ikae mbali, parokiani au kwa mwalimu, kwa kuwa karatasi zetu zimeungua mara nyingi.

Na shefu asiuze shamba la asiyekuwepo. Anayekula bei ya shamba la mkimbizi amekula mbegu ya vita, na wajukuu wake ndio watakaovuna.

8. Kwa watoto waliozaliwa mbali

Neno la mwisho ni juu ya watoto. Kampi ya Kiziba ilifunguliwa mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa huko mwaka ule leo ana watoto wake. Anaitwa Mkongomani, lakini Masisi anaijua kwa masimulizi. Ninyi wazazi mnamsimulia nini?

Mkimsimulia usiku wa kukimbia peke yake, atakuja hapa siku moja akitafuta adui. Mtoto asipojua jina la mlima wake, atajua jina la adui yake tu. Mwambieni usiku ule, ni haki yake kujua. Lakini mwambieni pia majina ya mito na milima, baridi ya asubuhi, maziwa, soko, na jina la mtoto wa jirani mliyecheza naye mpira wa majani ya ndizi. Mpeni simu asalimiane na mtoto wa jirani huyo. Wataona aibu kidogo, mmoja atacheka, Kiswahili chao kitapishana. Si kitu. Wameanza.

Wapenzi wasikilizaji, hatujui siku ya amani kamili, na mimi siwezi kuwaahidi tarehe. Lakini hatungoji amani ije ndipo tusalimiane. Wiki hii, kila mmoja wetu achague mtu mmoja wa upande wa pili, na atume neno moja la kweli. Kama huna mayunite, tuma mtu. Kama huna mtu, mwandikie katika karatasi na uitunze mpaka njia ipatikane.

 Mungu awalinde waliobaki, awalinde na walioko njiani.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya kusikiliza

1. Ni nani kati ya majirani zetu aliyeondoka, na mara ya mwisho tulipata habari zake lini?
2. Habari zetu za kabila lingine tunazipata kwa nani? Je, huyo aliona mwenyewe?
3. Katika lokalite yetu, mashamba ya wasiokuwepo yanalimwa na nani, na kwa mapatano gani?
4. Nani angeweza kutunza daftari la walioondoka, ambaye makabila yote yanamwamini?
5. Tunawasimulia nini watoto wetu juu ya mahali tulipotoka?